Atenueta (kipunguza nguvu ya mawimbi) ya dB 30 imeungua, nipimeje redio ya boti ya wati 25?

FundiKibirizi:
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, natengeneza redio za VHF za maboti hapa Kibirizi. Juzi nimepata spektramu analaiza ndogo ya mkononi (mashine inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa), imeandikwa mwisho +10 dBm (kipimo cha nguvu, 0 dBm ni miliwati 1), nikanunua na atenueta ya dB 30 nikajua nimemaliza kazi. Nikafunga redio, nikabana PTT (kitufe cha kuongea) kama nusu dakika hivi nasikia harufu, kugusa kale kadude hakashikiki! Muuzaji aliniambia inafaa redio zote, sasa hivi hapokei simu. Ubavuni imeandikwa DC-6GHz 2W. Nimekosea wapi, na mashine itakuwa imekufa? Mwenye boti anataka redio yake Jumamosi.

MzeeWaAntena:
Mkuu jibu umeliandika mwenyewe, 2W. dB 30 ni kiasi inachopunguza, 2W ni kiasi inachovumilia. Umeingiza wati 25, upande wa pili inatoka elfu moja yake tu yaani miliwati 25, zingine zote zimegeuka joto ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba, unategemea nini? Na hata isingeungua bado ulikuwa unazidisha, wati 25 ni 44 dBm, toa 30 inabaki 14 na mashine yako mwisho 10. Hebu chukua testa weka kwenye ohm, pima pini ya kati na bodi yake. Nzima inasoma kama 50 pande zote mbili, na pini kwa pini kama 94.

FundiKibirizi:
Upande niliofunga redio 840, upande wa pili 53

MzeeWaAntena:
Basi rezista ya ndani ya kwenda ardhi (bodi) upande wa redio imekatika, hiyo tupa. Usiirudishe hata kwa majaribio, redio itaona mzigo mbaya uchome na faino (transista ya mwisho ya kurusha).

NyukiTabora:
Huku Tabora kuagiza vitu ni mpaka uchoke, mi natumia roli la kebo ya RG-58 mita 100 lililobaki kwenye mnara. Kwenye VHF linakula kama dB 20, wati 25 zinafika mwisho robo wati, hapo atenueta ya 2W haipati hata joto 😂

MzeeWaAntena:
Sio mbaya Nyuki ila kebo haili sawa kila masafa. 156 MHz ikila 20, kule 313 kwenye haramoniki ya pili (wimbi la ziada la redio kwenye masafa mara mbili) inakula karibu 28, kwa hiyo utaiona redio safi kumbe inachafua hewa. Lazima hizo dB 8 zilizozidi uzirudishe kwenye hesabu. Fundi wewe tafuta atenueta ya wati 50, ile yenye mapezi ya kupoza, dB 30, halafu mbele yake ndogo ya dB 10, mashine itasoma 4 dBm. Kubwa ndo ianze upande wa redio, na kuna zingine zimeandikwa INPUT upande mmoja, hizo usigeuze kabisa. Zile za ving'amuzi achana nazo, ni ohm 75. Kwa Jumamosi weka redio kwenye 1W, hizo za boti nyingi zina hiyo swichi, 30 dBm toa 30 ni sifuri, kadude kapya ka 2W kanatosha. Na usipimie chaneli 16 ya dharura, watu watadhani kuna boti linazama.

FundiKibirizi:
Mrejesho wakuu. Nimeazima dB 30 kwa jamaa wa Ujiji, nikaweka 1W chaneli 6, mashine imesoma -1 dBm pale 156.3 kwa hiyo nzima, nimeshukuru Mungu. Kwenye 312.6 kamstari kadogo sana kako chini huko. Hiyo ya wati 25 sijagusa, naogopa.

NyukiTabora:
Endelea kuogopa hivyo hivyo mpaka mapezi yafike. Nikishuka Kigoma naleta roli langu, wewe andaa migebuka.