Mathe miguu imefura na moyo unaruka, Kisumu kuna daktari wa hii ama ni Nairobi?

nyar_ahero
Hamjambo wenzangu. Mathe ako Ahero, miaka 67, presha ako nayo kitambo. Siku hizi miguu inafura mpaka viatu haviingii, usiku analala amekaa juu akilala chali anakosa pumzi, na anasema moyo unarukaruka kama kuku amefungwa kwa gunia. Dokta wa hapa kijijini amempa dawa ya maji (ile ya kukojoa maji yatoke mwilini) akasema tutafute daktari wa moyo, tena yule anajua mambo ya moyo kushindwa kusukuma damu na mapigo kwenda ovyo. Mashemeji wanasema Nairobi lakini si wao watalipa.

odhis_kondele
Pole dadangu. Nairobi iache kwanza, anza na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo ya ultrasound) hapa Kisumu. Eko ndio inaonyesha moyo unasukuma damu asilimia ngapi, kawaida ni kama 55 kwenda juu, ikishuka chini ya 40 hapo kuna kazi. Ukienda kwa spesholisti mikono mitupu atakurudisha tu upimwe na ada ushalipa. Alafu ECG inanasa sekunde chache, moyo usiporuka saa hiyo inatoka safi, so usishangae akivalishwa holta, kamashine ka kurekodi mapigo, siku nzima.

mama_pacha_kapsabet
Sisi babangu anaonwa Eldoret, MTRH, ile hospitali ya rufaa ya Moi, wako na kitengo cha moyo, na kutoka Kisumu matatu inapitia Chavakali na Kapsabet. Beba barua ya rufaa na uangalie SHA yake, bima ya afya ya serikali, imelipwa. Mzee alipatikana na hayo mapigo ya ovyo, wakatuambia damu inaweza kuganda ndani ya moyo ipande kichwani iwe stroki, so ako kwa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na anapimwa damu kila mara. Managu na sukuma zinagusa nguvu ya hiyo dawa, hajakatazwa, ila asile sahani tatu wiki hii na wiki ijayo asionje. Na mpime kilo kila asubuhi akishatoka choo kabla ya chai, zikipanda 2 ndani ya siku 3 hayo ni maji, hajanenepa, pigia dokta.

sista_wa_wodi
Anameza nini ya magoti? Nauliza juu wazee wengi wako na dawa za maumivu kama brufen ama diclofenac chini ya mto, na hizo zinashikilia chumvi na maji mwilini, dawa ya maji inafanya kazi bure. Pumzi ikikata hata akiwa amekaa, ama azimie, usingoje kliniki, mpeleke kasualti usiku huo huo.

nyar_ahero
Eish, brufen ni kila jioni! Na Royco kwa kila mchuzi. Mizani iko, jirani anauza mchele. Eko SHA inalipa ama ni mfukoni?

odhis_kondele
Pigia hospitali yenyewe uulize kabla umpandishe matatu, wengine watakuambia ulipe keshi. Na brufen usimnyang'anye tu hivyo, mwambie dokta ampe kitu ingine ya magoti, ama atatuma mtoto dukani.