Leza imefifia: nitengeneze dreva ya LM317, ninunue ya kuswichi au nijenge ya opampu?

Mchonga_Mbao: Wakuu, leza ya mashine yangu ya kuchonga imefifia ghafla. Jana ilikuwa inachimba mbao vizuri, leo inaacha weusi mdogo tu. Dreva (saketi inayodhibiti umeme wa leza) niliijenga mwenyewe kwa LM317, ile chipu ya kudhibiti umeme. Nitengeneze hiyohiyo, ninunue iliyo tayari ya kuswichi (inayokata na kuunga umeme kwa kasi), au nijenge ya opampu (chipu ya kukuza ishara) na mosfeti (transista ya kupitisha umeme)? Kuna kazi ya mtu inasubiri.

Mzee_wa_Waya: Mkuu, umetaja homa, mgonjwa hujamleta. Leza ya rangi gani? Rezista ya omu ngapi? Umeme unatoka wapi? Nyekundu ya nanomita 650 inaridhika na volti 2 na kitu, ya bluu ya 445 inataka 4 na zaidi. Bila hayo tutapiga ramli.

Volti5: Ramli ya nini? Achana na LM317. Umeme wa volti 12 kwa leza ya bluu ya ampea 1, zaidi ya wati 7 zinaishia kuwa joto. Nunua ya kuswichi, funga, kalale.

MamaSaketi: Volti5 hata mtu akiuliza tochi wewe utasema ya kuswichi. LM317 inashikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na wa kurekebisha, basi. Gawanya kwa omu za rezista, umepata ampea zako. Ikisumbua unajua pa kuweka multimita. Hicho kidude chako kikisumbua unapima wapi?

Fundi_Kimya: Mimi ya kuswichi ilinitoa machozi. Niliiwasha bila leza ili nipime volti kwanza, nikaona 12, nikafurahi. Nikagusisha waya za leza bila kuzima. Kumbe kapasita (kihifadhi chaji) ya kwenye pato, pale umeme unapotokea, ilikuwa imejaa mpaka juu, ikamwaga yote kwa mpigo mmoja. Ule mwako! Halafu leza ikabaki inawaka kama kijitaa cha redio. Na sikujua kama nimeiua, maana diodi ya leza ikiungua pale inapotolea mwanga, umeme unaendelea kupita kama kawaida. Nikabadilisha dreva, nikasafisha lenzi, nikabadilisha dreva tena. Wiki mbili nafufua maiti! Siku hizi naanza na mzigo wa bandia badala ya leza: diodi za 1N4007 kadhaa mfululizo na rezista ya omu 1. Volti ninazosoma kwenye rezista hiyo ndizo ampea. Kisha nazima, napiga shoti kwenye pato kapasita iishe, ndipo naunga leza.

Volti5: Hapo kosa ni lako, si la dreva.

Mzee_wa_Waya: "Ule mwako" uliuona kwa macho matupu?

Fundi_Kimya: Nilivaa miwani ya jua.

Mzee_wa_Waya: Ni sawa na macho matupu, tena ni hatari zaidi, kwa sababu mboni inafunguka. Leza yoyote inayozidi miliwati 500 ni daraja la 4, hata mwanga uliogonga ukuta unaweza kukudhuru. Miwani iwe imeandikwa urefu wa wimbi (hizo nanomita) wa leza yako.

Rezista_Moja: Opampu mmeiacha yatima. Kama unachonga picha zenye vivuli, leza inawashwa na kuzimwa mara nyingi mno kwa sekunde, na LM317 yenye kapasita kubwa haiendi na kasi hiyo. Opampu na mosfeti ikipangwa vizuri inaenda.

MamaSaketi: Ikipangwa vibaya inaimba, yaani umeme unapanda na kushuka wenyewe kwa kasi, na kila wimbi linapita kwenye leza. Mwenye uzi yuko wapi?

Mchonga_Mbao: Samahani wakuu. Ni ya bluu, 445. Rezista ni omu 1.2. Nachonga maandishi tu, si picha. Nimepima kati ya ncha za rezista: volti 0.9. Adapta imeandikwa 9, leza ikiwaka inashuka hadi 7.1. Nilisahau kusema, adapta niliibadilisha jana usiku. Hii ilikuwa ya ruta.

MamaSaketi: Ulisahau! 0.9 gawanya kwa 1.2 ni ampea 0.75, na wewe ulipanga 1.04. LM317 inataka karibu volti 2 zake, ongeza 1.25 za rezista, ongeza 4 na nusu za leza. Kwa 7.1 utafika wapi? Rudisha ya 12.

Fundi_Kimya: Sawa, lakini bluu yenye ampea 0.75 ilipaswa kuunguza zaidi ya hapo. Usije ukawa na magonjwa mawili. Mzigo wa bandia kwanza.

Mchonga_Mbao: Ya 12 nimeipata. Diodi za 1N4007 ninazo nne tu.

Mzee_wa_Waya: Zinatosha. Usiache muda mrefu, hizo ni za ampea 1.

Mchonga_Mbao: Mzigo wa bandia unasoma 1.03, haitikisiki. Dreva nzima. Leza bado sijaiunga, mkono unatetemeka.

Volti5: Na hilo bati la kupozea LM317 ni kubwa kiasi gani?