Tupeane uzoefu: mgeni asiyekula nyama, mwenyeji asiyetaka nyama ndani mwake

Wakuu, habari za jioni.

Nina vyumba viwili hapa nyumbani Moshi, napangisha wageni wanaokuja kupanda mlima. Msimu uliopita alifikia dada mmoja Mjerumani. Aliandika mapema kabisa kwamba hagusi chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Nikaona jambo dogo. Maharage ya nazi na mchicha ndio maisha yetu siku zote.

Siku ya tatu mama mkwe akaja kututembelea. Ni Mpare, akapika makande. Mgeni akala sahani mbili, akasifu, akatoa kidaftari aandike yanavyopikwa. Mama akaanza kutaja, mimi natafsiri: mahindi yaliyokobolewa, maharage, chumvi, kitunguu, halafu maziwa fresh mwishoni…

Nikanyamaza hapo hapo. Kalamu imebaki hewani, ananisubiri. Nikataka kuruka hilo neno, naapa, shetani alinishika ulimi. Mke wangu ndiye aliyesema. Yule dada akafunga kidaftari taratibu, akasema asante kwa kuniambia, akaenda kulala mapema. Mama naye akahisi chakula chake kimetukanwa. Mimi nikabaki katikati na sufuria.

Leteni visa vyenu, wenyeji na wageni.

Mtu wa Ziwa
Mkuu, wewe una nafuu. Mimi Mwanza nilimwambia dada wa kazi, "Huyu mgeni anakula mboga tu." Saa saba mezani: ugali na sato mzima, macho yanatuangalia. Kumuuliza, ananijibu, "Si umesema mboga, baba?" Na hakukosea, kwetu hata nyama ni mboga. Tangu siku hiyo nataja moja moja: mchicha, kunde, maharage, basi. Na dagaa wa kusaga asitie hata kijiko, maana yeye huo anauhesabu kama kiungo.

Baba Wawili
Mgeni anakula anachokikuta. Hataki, ugali na chumvi vipo.

Mwenye mada
Baba Wawili, huyo amelipa na amesema mapema. Angekuja kimya halafu asuse mezani, ningekuunga mkono.

Mpangaji
Mimi kisa changu ni upande wa pili, mwenyeji ndiye asiyekula. Nilipokuja Leicester, Uingereza, nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kihindi wa dini ya Jain. Kazaliwa Kampala, walitoka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90. Kiswahili anacho, cha jikoni. Siku ya kwanza alinipa sharti moja: nyama na mayai visiingie humu. Nikakubali bila kufikiri, chumba chenyewe kilikuwa cha bei poa.

Mwezi wa pili nikaikumbuka Dar. Yeye kaenda hekaluni, mimi nikakaanga chips mayai. Akarudi kabla sijafungua dirisha. Akasimama mlangoni akinusa, akasema, "Mwanangu, yai. Halafu na kiazi pia?" Nikadhani utani. Kumbe wao hata kiazi, kitunguu na kitunguu saumu hawali, maana ukikingʼoa mmea wote unakufa, pamoja na vidudu vya udongoni. Yaani nilikosea sahani nzima! La viazi hakuwahi kuniambia, kwa sababu hakutaka kumbana mtu wa nje kwa funga za kwao. Lakini la yai alikuwa ameliweka wazi.

Hakunifukuza. Kile kikaango alinipa kiwe changu, kikakae stoo ya nje na baiskeli. Nilikaa pale miaka miwili, yai nikila kazini.

Mkwe wa Kakamega
Mimi ni Msabato, nyama niliacha zamani. Siku ya kwenda kwa wakwe, kuku akachinjwa, na imondo, yaani firigisi, ikaletwa kwa sahani yake peke yake mbele yangu. Mnaojua Waluhya mnajua maana yake. Kuikataa ni kukataa binti. Nikaishika sahani kwa mikono miwili, nikampelekea baba mkwe: "Mzee, hii ni yako, mimi bado mtoto." Nyumba nzima ikapiga makofi. Ilimchukua mwaka mzima kugundua, na alicheka hadi kikohozi. Siku hizi nikifika nakuta mrenda na kunde.

Bi Mdogo
Mimi niliyekwazika ni kwa mgeni aliyewahutubia wanangu juu ya mbuzi wa Idd, siku ya Idd, kwenye mkeka wangu. Asiyekula simlazimishi. Ila na yeye asinihesabie kilichomo kwenye sahani yangu.

Mwenye mada
Bi Mdogo umenena. Mimi sasa mgeni akiandika tu kwamba hali nyama, namuuliza kabla sijawasha jiko: mayai? maziwa? asali? na sufuria iliyopikiwa nyama ikaoshwa, utakula kilichopikwa humo au nitenge nyingine? Mmoja alitaka ya kwake, nikanunua, nikaifunga uzi mwekundu kwenye mkono.

Yule dada aliondoka vizuri tu. Asubuhi yake aliingia jikoni na mama, wakapika upya kwa tui. Mama anasema hayo ya nazi atampikia yeyote atakayekuja, mradi tusiyaite makande.