Gari la mamilioni lanipigia ngoma, ati dawa yake nifungulie redio!

Mnyonge wa Nyali

Wadau, nishikeni kabla sijarudi kule nikafanya jambo la kunilaza jela ya Shimo la Tewa.

Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado yatetemeka. Pale wapi? Mwapajua. Vioo mpaka juu, sakafu ukiinama wajiona meno, na kikahawa chao cha kikombe cha mwanasesere. Na yeye mwamjua. Yule wa tai nyembamba, akuitaye "mheshimiwa" mpaka siku unapotia sahihi. Simtaji, sina haja. Nusu ya watu wa humu amewauzia, nusu ya pili amewakimbia.

Gari ni jipya. La Kijerumani, jipya la sifuri, plastiki za viti nimezitoa kwa mkono wangu. Karatasi za benki nimetia sahihi mpaka kalamu ikaomba radhi. Na sikununua mbio. Mbio za wapi, kutoka Nyali mpaka Mwembe Tayari? Nilinunua kimya. Siku ile ya kuuziwa alinikalisha ndani, akafunga mlango, pff, akasema "sikiliza, mheshimiwa." Wallahi sikusikia kitu. Hata tuktuk za barabarani zilinyamaza. Nikakilipia kile kimya bei ya nyumba ya Kisauni yenye kisima.

Sasa, likipanda bampu, mbele kushoto: KO. Likishuka: ko-ko. Nikikata kona pale Buxton: kriiii. Nikilizima, nishateremka, nishafunga mlango, lenyewe labaki likinung'unika ngwiiii chini ya tumbo, wapita njia wakinitazama mimi. Asubuhi nalikuta limeinama upande mmoja kama ngamia wa ufuoni asubiriye mtalii. Mama yangu, ambaye klachi kwake ni neno la watu wa bara, alikuwa nyuma na vikapu vyake vya Marikiti, akasema taratibu, "Mwanangu, hili laumwa."

Mama kasikia. Yule bwana hakusikia!

Nikamwambia panda tuzunguke, usikie mwenyewe. Akapanda na kikahawa chake mkononi. Bampu ya kwanza tu, KO. Nikamtazama. Akanyoosha kidole, kile chenye pete ya feruzi, akashika kitufe cha redio, akakizungusha. Akakizungusha tena. Tangazo la sabuni likatupasua masikio. Akanigeukia, yuwatabasamu, akaniuliza:

"Sasa mheshimiwa, waisikia?"

WAISIKIA? Ndani ya gari langu! Na redio yangu! Kidole chenyewe kina utelezi wa mandazi, alama ipo mpaka sasa kwenye kitufe, sikuifuta, nimeiacha iwe ushahidi.

Ati "ni sauti ya kawaida ya gari la hadhi hii." Kwa hivyo maskini ndio wenye magari yaliyonyamaza?

Sijui nataka nini. Nataka mniambie nimekasirika kwa haki. Akafungulia redio, jamani. Akafungulia redio.

Dereva wa Tuktuk

Mimi sina redio. Sasa nifanyeje?

Mtoto wa Kibokoni

Jipya la sifuri, au jipya la Kenya? Maana sheria yaruhusu mtumba usiozidi miaka 8, na mtu huleta la miaka 7 na miezi 11, kikaratasi cha Kijapani bado kimebandikwa kiooni, akalifunga maua, akalisomea dua, akatwambia jipya.

Mnyonge wa Nyali

SIFURI. Nimeandika sifuri. Na hata lingekuwa la mtumba, ndio mtu afungulie redio? Usoni mwangu? Huku amekalia kiti changu?

Shangazi wa Tudor

Pole mwanangu. Ilikuwa sabuni ya kufulia au ya kuogea?

Mnyonge wa Nyali

Shikamoo shangazi. Ya kufulia.

Asiyelala Majengo

Jina lako Mnyonge, gari lako la mamilioni. Wanyonge wa siku hizi Mungu awape nguvu. Sie wenye nguvu tuko stejini twangoja matatu.

Fundi Spana

Acheni mzaha kidogo. Kaka, gari hilo halina springi mbele, lina mifuko ya hewa, si ndiyo? Basi hilo linaloinama usiku ni mfuko uvujao, au kiungo cha paipu yake. Ile ngwiiii ni kompresa, pampu ya hewa, yaijaza hewa iliyotoroka. Kunung'unika kidogo baada ya kuzima si ajabu, yapo magari hujisawazisha yenyewe. Lakini kila ukizima, na asubuhi ulikute limelala, hapo pana tundu. Kompresa haikuumbwa kufanya kazi mchana kutwa. Ikikimbizana na tundu mwisho huungua, na ikiungua utaambiwa wewe ndiye uliyelibebesha mizigo.

Dawa ya kulijua tundu ni rahisi: maji na sabuni. Tia kwenye chupa ya kunyunyizia, nyunyizia viungo vya paipu na shingo ya mfuko. Pale povu litakapochemka, ndipo.

Hiyo ko-ko ni kitu kingine. Angalia linki za stabilaiza, ile fimbo izuiayo gari kulala kwenye kona, na bushi, vile vipira vya mikono ya chini ishikayo gurudumu. Kriiii ya kwenye kona huenda ikawa boljointi, kile kiungo cha gurudumu, imekauka. Ila usilifungue weye, wala usiniletee mimi. Bado lina waranti, na spana ya nje ikishaligusa watapata pa kushikia. Waandikie barua, wakupe jibu la barua. Ya mdomo huliwa na upepo.

Mtoto wa Kibokoni

Ngoja ngoja ngoja. Maji na SABUNI? Kumbe yule bwana alikuwa akikupa ushauri wa fundi kwa njia ya redio, na weye hukuelewa!

Dereva wa Tuktuk

😂😂😂 Mnyonge rudi ukamwombe radhi.

Mnyonge wa Nyali

Sirudi. Nikirudi nitakizungusha kichwa chake kama alivyokizungusha kitufe changu.

Wakili wa Barazani

Ndugu, Katiba ya 2010, kifungu cha 46: mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha. Pia ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa haraka zaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo, huko huhitaji hata wakili.

Asiyelala Majengo

Mahakama hiyo mwisho wake madai ya shilingi milioni 1. Kwa gari la huyu, labda ashtaki kuhusu kioo cha pembeni, mwakani ashtaki kuhusu bawaba.

Wakili wa Barazani

Nilikuwa natoa mwongozo wa jumla.

Asiyelala Majengo

Na mimi nimeupokea kwa jumla.

Bibi Harusi Mstaafu

Kwenye langu palikuwa na sauti ya mlangoni, nyii nyii nyii, jua likiwaka tu. Mume wangu akapaka mipira ya mlango mafuta ya nazi. Sauti iliondoka. Wakaja sisimizi. Sasa twasafiri nao, wana safu yao kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha mtoto.

Fundi Spana

Mama, mipira ya mlango hupakwa silikoni. Mafuta ya nazi ni ya nywele na ya samaki.

Bibi Harusi Mstaafu

Mwambie yeye. Mimi nikimwambia huniuliza kwani nilisomea wapi.

Mzee wa Dizeli

Mnalia na ko-ko. Langu la dizeli, la fahari vilevile, laniwashia taa kila baada ya siku chache kwamba kichujio cha moshi kimejaa. Nikaenda kwa huyohuyo wa tai nyembamba. Akaniuliza waendesha wapi. Nikasema Kibarani, Makupa, Moi Avenue, kazini, nyumbani. Akacheka! Akaniambia kile kichujio hujichoma masizi gari likipata moto kwenye safari ndefu ya mwendo mzuri, kwa hivyo kila Jumapili nilipeleke gari Mariakani. Nilipeleke lifanye nini? LITEMBEE TU. Nirudi. Yaani mimi na umri wangu nalitembeza gari.

Fundi Spana

Hapo hakusema uongo, ami. Safari ya foleni na ya kusimama-simama hukijaza kichujio. Ingawa Jumapili si lazima, hata Jumanne yafaa.

Mzee wa Dizeli

Sikuuliza siku.

Mnyonge wa Nyali

Umeona! Ni tabia yake! Weye kakucheka, mimi kanifungulia redio. Ningepigwa kofi ningejua nimepigwa. Redio hata polisi hawaandiki.

Mvita Halisi

Mnalaumu magari bure. Laumuni bampu. Zaota usiku. Jana hapana, leo ipo, haina rangi, haina kibao, na aliyeitia hajulikani. Pale njia ya kwenda kwetu zipo mbili zimekaribiana hata gurudumu la mbele likishuka moja, la nyuma lapanda nyingine. Gari gani litanyamaza hapo? Hata punda wa mkokoteni angesema kitu.

Mzee wa Ng'ambo

Nyie wa Nyali na Bamburi mna bampu, sisi wa Likoni tuna feri. Gari la chini-chini kama hilo, maji yakikupwa, rampu yasimama, bampa la mbele lasoma kila mstari wa chuma: krrrrrr. Watu wa miguu wote kimya wakutazama. Mtu mmoja lazima aseme "aaah!" Hilo ndilo liumizalo, ile "aaah".

Wakili wa Barazani

Mzee si kuna barabara ya Dongo Kundu?

Mzee wa Ng'ambo

Nizunguke mpaka Miritini kununua maziwa ya mtoto mjini?

Dada wa Shanzu

Nyote mna afadhali. Sisi tulipasuka tairi Samburu, ile ya njia ya Nairobi, msije mkadhani ya simba. Mume wangu akavua koti kwa madaha, akakunja mikono ya shati, akafungua buti. Hamna tairi la akiba. Akainua zulia. Hamna. Akatoa vitu vyote akavipanga barabarani, sanduku, mkeka, birika, mabuyu ya wageni. HAMNA. Pana kijipampu na kichupa cha gundi. Mbuzi wakaja kutazama.

Kupiga simu pale pale walipotuuzia, twajibiwa, "Matairi yenu ni yale yanayotembea hata bila upepo, kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80." Sawa. Lakini tairi lishachanika ubavuni nalo latembea? Yule wa simu akanyamaza, kisha akasema, "Hilo sasa ni suala la tairi."

Ni suala la tairi!

Shangazi wa Tudor

Mabuyu yalipona?

Dada wa Shanzu

Mbuzi walikula.

Dereva wa Tuktuk

Tuktuk ina tairi la akiba. Nasema tu.

Mnyonge wa Nyali

Jamani poleni nyote, ila naomba turudi kwenye ile ya redio. Kuna kitu sikuwaambia. Alipoteremka, HAKUIZIMA. Aliiacha ikipiga kelele vilevile, akafunga mlango kwa kisigino, akaenda zake. Nikabaki mimi na sabuni.

Mtoto wa Kibokoni

Tumeshasoma. Mbuzi wamekushinda.

Asiyelala Majengo

Dada wa Shanzu, mabuyu yale ulinunua wapi? Maana ya siku hizi rangi tupu, ukila ulimi wabaki mwekundu mpaka Ijumaa na ladha huioni.

Dada wa Shanzu

Mji wa Kale, kwa yule mama. Lakini naye amebadilika. Pakiti imekuwa nusu, bei ileile.

Mvita Halisi

Msiniguse kwa hayo. Nenda kwa yule wa viazi karai pale Mama Ngina. Mnamjua, simtaji. Juzi nimemwambia ukwaju wako leo maji. Mwajua alinijibu nini? "Unga wa viazi ni mzuri, ukwaju wafuata nini?" Wafuata nini! Mtu ala viazi vikavu mbele ya bahari?

Shangazi wa Tudor

Huyo alinijibu mimi hivyohivyo, tena mbele ya wakwe.

Bibi Harusi Mstaafu

Huyo ni wa sahani ya plastiki iliyopasuka? Alinidai pesa ya sahani!

Mzee wa Ng'ambo

Alikudai ya sahani? Hebu fungua uzi wake mwenyewe, hapa pamejaa magari.

Mvita Halisi

Nishafungua. Njooni huko. Na mwenye picha ya ule ukwaju ailete.