Nimeuziwa giza kwa elfu tano! "Too Late for Tears" (1949) inauawa na kopi mbovu

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Juzi nimemtumia elfu tano jamaa mmoja anayeuza muvi za zamani mtandaoni. Tangazo lake linasema picha safi kabisa. Nilichopokea ni kama mtu karekodi ukuta wa jiko la mkaa usiku umeme ukiwa umekatika, na sauti inavuma kama friji bovu. Nikamwandikia kwa ustaarabu. Jibu lake: "Mkuu, muvi za zamani ndivyo zilivyo."

Hapo ndipo aliponichefua. Ndivyo zilivyo kwa nani? Kamera ya muvi hii aliishika William Mellor, ambaye baadaye alichukua Oscar mbili kwa kazi hiyohiyo. Mtu wa hivyo anasahau kuwasha taa? Giza la noir (zile muvi za uhalifu za zamani zenye vivuli vizito) linapangwa: nusu ya uso imo, nusu haimo. Mpaka ule ukifutika unabaki na masizi.

Kwa wasioijua (na ni wengi, maana huku kila wiki tunasifia zilezile mbili tatu): Jane na Alan Palmer, mke na mume, wako garini usiku kwenye vilima vya Hollywood. Gari jingine linapita, begi linatupwa kwenye kiti chao cha nyuma. Ndani mna dola 60,000, na walengwa hawakuwa wao. Alan anataka kupeleka polisi, Jane hataki hata kulisikia neno hilo. Wanaishia kuliacha begi stesheni, sehemu ya kutunzia mizigo. Kisha anabisha hodi Danny (anaigizwa na Dan Duryea), anadai mzigo wake na kumzaba Jane makofi. Unajisemea huyu mama kwisha habari yake. Weee! Subiri uone nani atakuwa wa kwanza kutetemeka na kukimbilia chupa. Lizabeth Scott, anayemwigiza Jane, hapigi kelele hata kidogo, anamtazama tu.

Sasa njooni kwenye mtumbwi, maana ndipo nilipoibiwa hasa. Jane anamtoa mumewe usiku kwenda kupiga makasia ziwani, kwenye bustani ya mjini Los Angeles. Bastola imo kwenye mkoba na mpango umeshasukwa. Wakiwa majini moyo unamwingia baridi, anaomba warudi ufukweni. Ni bahati mbaya bastola inaanguka kutoka mkobani, Alan anaiona, wananyang'anyana, risasi inatoka. Baada ya hapo Danny anavalishwa koti na kofia ya marehemu, ili mwenye mitumbwi ahesabu wawili walioondoka, wawili waliorudi.

Kwenye kopi yangu bastola haionekani ikianguka! Kuna weusi, mlio, basi. Humu ndani kuna mtu aliandika kwamba Jane "kaua mume bila kusita". Nilimbishia sana siku ile. Leo namwomba radhi, pengine naye aliuziwa masizi haya haya. Muvi nzima imekaa kwenye ile sekunde anayosita, na akishavuka hapo ndipo anakuwa hatari kweli. Ukiikosa, unaona mke mwenye tamaa tu, ukazima ukalala.

Na chanzo kinajulikana. Hakimiliki iliachwa ikaisha, kila mwenye kopi akawa muuzaji, kopi ikazaa kopi. Kabla ya hapo walishaibadilisha jina wakaitoa tena kama "Killer Bait", kwa hiyo wengine mmeiona wala hamjui. Lakini mwaka 2014 hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA pamoja na Film Noir Foundation, taasisi ya kuokoa muvi za noir, walimaliza kuifufua, wakitegemea kopi iliyopatikana Ufaransa, na 2016 ikatoka kwenye diski. Safi ipo! Halafu mtu ananiambia ndivyo zilivyo.

Nimemrudia mara tatu anirudishie hela, kanipiga bloku. Na wewe mkuu najua unasoma humu: ile elfu tano bado naidai.

Mwenye toleo la 2014 aje PM tuongee. Wale wa "nenda YouTube ipo bure", nilianzia huko, ni masizi yaleyale.