Mjadala: Kura apewe aliyeitumikia nchi tu? Heinlein alisema ndiyo, mimi nasema hapana

Kila uchaguzi ukipita, hasa ukipita vibaya, kuna hoja inayorudi: haiwezekani kura ya mtu aliyeitolea nchi jasho lake ilingane na kura ya mtu ambaye hajawahi kuifanyia nchi chochote. Mmoja anataka kipimo kiwe elimu, mwingine kodi, mwingine jeshi. Safari hii hoja imekuja na jina kubwa nyuma yake, Robert Heinlein, mwandishi wa Marekani wa riwaya za kisayansi. Wapo wanaosema Heinlein alishalimaliza suala hili mwaka 1959, katika riwaya yake Starship Troopers. Wapo wanaowajibu kwamba yule alikuwa fashisti, vitabu vyake viachwe vioze. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na nitaeleza kwa nini. Nawaomba tujadili kitabu chenyewe, kwa sababu naona wengi wetu tunamjua Heinlein kupitia filamu ya jina hilohilo ya Paul Verhoeven ya 1997 tu. Verhoeven alikulia Uholanzi iliyokaliwa na Wajerumani, akaitengeneza filamu ile makusudi kuukejeli ufashisti. Kitabu ni kitu kingine.

Kwanza, mtu mwenyewe. Heinlein alizaliwa Butler, Missouri, mwaka 1907. Alihitimu chuo cha jeshi la wanamaji cha Annapolis mwaka 1929, akatumikia melini, kisha kifua kikuu kikamtoa jeshini mwaka 1934. Alipotoka hakukimbilia kwa wahafidhina. Aliingia kwenye harakati za Upton Sinclair, msoshalisti aliyetaka ugavana wa California kwa ahadi ya kumaliza umaskini, na mwaka 1938 akagombea mwenyewe kiti cha bunge la jimbo hilo, akashindwa. Hadithi yake ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata. Vita Kuu ya Pili ilipofika aliomba kurudi jeshini, afya ikamkatalia, akaishia kufanya utafiti wa kiraia kwenye karakana ya wanamaji ya Philadelphia. Kwa hiyo anapoandika juu ya utumishi, anaandika juu ya kitu alichokitaka kwa moyo wote kisha mwili ukamnyima. Nadhani hilo lina uzito kuliko nadharia zote za siasa zilizobandikwa kwenye kitabu chake.

Mwaka 1958 yeye na mkewe walilipia tangazo gazetini kupinga Marekani kusimamisha majaribio ya nyuklia. Katika joto hilohilo aliweka kando riwaya aliyokuwa akiiandika, akaandika Starship Troopers. Wachapishaji wake, Scribner's, waliokuwa wakimtolea vitabu vya vijana tangu 1947, walikikataa. Kikatolewa na Putnam mwaka 1959, na mwaka uliofuata kikapata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi.

Sasa utaratibu wa kitabuni. Raia kamili, mwenye kupiga kura na kugombea, ni yule aliyejitolea kutumikia kwa muda usiopungua miaka miwili na akamaliza. Wengine wote wana haki zao zilizobaki: wanafanya biashara, wanasema watakalo, wanaishi vizuri. Baba wa Juan Rico, kijana anayesimulia, ni tajiri asiyepiga kura wala kuona haja ya kupiga. Na askari aliye bado kazini hapigi kura, mpaka amalize muda wake. Wanaosema kitabu kinataka wanajeshi watawale hawajakisoma.

Hoja yake nzito zaidi inatoka mdomoni mwa Meja Reid, mwalimu wa maofisa wapya. Anawauliza kwa nini waliotumikia ndio wapewe kura. Je, wana akili kuliko wengine? Hapana. Wana nidhamu kuliko wengine? Hapana, huko uraiani hawana tofauti na watu wengine. Jibu lake ni kwamba kila mwenye kura ameonyesha, kwa kujitolea mwenyewe bila kulazimishwa, kwamba anaweza kuweka maslahi ya wote mbele ya maslahi yake. Kura ni mamlaka juu ya maisha ya wengine, kwa hiyo apewe aliyekwisha kulipa kitu kwa ajili ya wengine. Hoja hii ina nguvu, tusijidanganye. Mtu akiisoma siku moja baada ya kuona kura zikinunuliwa kwa kofia na kilo ya sukari, inamwingia.

Lakini rudini nyuma kidogo, kwenye sura ya uandikishaji. Rico anaingia ofisini, anamkuta Sajini Ho, mtu aliyekatika mkono na asiye na miguu. Amewekwa pale makusudi ili vijana waone gharama yake na wenye moyo mdogo warudi nyumbani. Kisha Rico anapimwa na daktari, na Rico anamuuliza kama kuna wanaokataliwa. Daktari anasema kwamba hata ukija kipofu juu ya kiti cha magurudumu, ukishikilia kuandikishwa, watakutafutia kazi, labda ya kuhesabu vinyweleo vya kiwavi kwa kupapasa. Haki ya kutumikia haikataliwi. Isipokuwa kwa jambo moja: madaktari wa akili wakiamua kwamba huwezi kukielewa kile kiapo unachokula.

Hapo ndipo ninaposimama. Heinlein alijitahidi kwa uaminifu kufunga kila mlango wa hila, akaacha huo mmoja. Na huo mmoja ndio uliokuwa ukitumika nchini kwake, saa ileile alipokuwa akiandika.

Katiba ya Mississippi ya 1890 ilimtaka mwenye kujiandikisha kupiga kura aweze kusoma kifungu chochote cha katiba, au akisomewa akielewe, au atoe maelezo yake yanayoridhisha. Kumridhisha nani? Karani wa uandikishaji. Huyo karani alikuwa mzungu, na Mweusi mwenye shahada aliweza kuambiwa hajaelewa huku mzungu asiyejua kusoma akipita. Sheria haikutaja rangi ya mtu hata mara moja. Ilitaja kuelewa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba huko kipimo kilikuwa elimu, na Heinlein anazungumzia utumishi. Haya, tuutazame utumishi. Medgar Evers alikwenda vitani Ulaya na jeshi la Marekani, akafika Normandy. Tarehe 2 Julai 1946, siku aliyotimiza miaka 21, alikwenda na kaka yake Charles na wenzao kupiga kura mjini kwao Decatur, Mississippi. Wazungu wenye silaha wakawazuia. Miezi michache kabla, Februari mwaka huohuo, Sajini Isaac Woodard, aliyetumikia Pasifiki, alikuwa ndani ya basi akirudi nyumbani South Carolina, saa chache tu tangu apewe cheti cha kumaliza utumishi, sare bado mwilini. Mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Batesburg alimpiga mpaka akampofua macho yote mawili. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, lilimwachia yule polisi huru kwa kukaa chini ya nusu saa.

Hawa walikuwa wametimiza sharti la Meja Reid kwa ukamilifu. Walilipa. Cheti walikuwa nacho mfukoni. Na haki yao ya kupiga kura haikutokana na utumishi huo, ilikuja kulindwa na sheria ya 1965 iliyowapa makarani amri ya kuacha kupima. Evers hakuiona. Alipigwa risasi nje ya nyumba yake Juni 1963.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye tunasoma habari za mbali. Miaka miwili kabla ya kitabu hiki kutoka, kura ya aina hii ilipigwa Kenya. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, wajumbe wanane, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kulingana na sifa zake: elimu, kipato, mali, umri, utumishi serikalini au jeshini. Juu ya hapo, Mkikuyu, Muembu au Mmeru alihitaji cheti cha uaminifu kwanza, kuthibitisha kwamba hakuwa upande wa Mau Mau. Mwenye kukitoa ni utawala uleule ambao mpiga kura alikuwa na kila sababu ya kuuondoa. Mkoa wa Kati ukapata mjumbe Mmeru, Bernard Mate, na Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia kwenye baraza la kutunga sheria mwaka 1944, akaanguka. Fikirieni askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu, aliyetoka vitani Burma mwaka 1945. Amelipa alichodaiwa na zaidi, kisha miaka kumi na miwili baadaye afisa wa wilaya anakaa mezani kuamua kama utumishi wake unatosha na kama uaminifu wake unaonekana. Ndugu zangu mnaounga mkono kura ya wenye sifa, kuna wazee ambao bado wanakumbuka jinsi ilivyokuwa. Waulizeni.

Sasa nawageukia wanaosema asisomwe. Mmeleta riwaya yake Farnham's Freehold ya 1964, yenye Waafrika wa siku za baadaye wanaokula watumwa wazungu. Ni kitabu kibaya na sikitetei. Mmeleta pia Galaxy ya Juni 1968, gazeti lililochapisha orodha mbili za waandishi, moja ya wanaounga mkono vita vya Vietnam na nyingine ya wanaovipinga, na Heinlein yumo kwenye ile ya kwanza. Ni kweli. Lakini mtu huyuhuyu, mwaka 1954, mwaka ambao majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiikamata Nairobi mtaa kwa mtaa katika Operesheni Anvil, aliwaandikia watoto wa Marekani riwaya iitwayo The Star Beast. Ndani yake, anayeendesha mambo ya nje ya sayari nzima ni Mkenya. Jina lake Bwana Henry Gladstone Kiku, katibu mkuu wa kudumu. Juu yake yupo waziri, mwanasiasa mpenda kamera, lakini anayeiokoa Dunia isiangamizwe na wageni wenye nguvu ni Kiku, kwa subira, kwa kusoma faili na kwa kujua lini anyamaze. Anaogopa nyoka kupita kiasi, na mpatanishi anayepaswa kukaa naye meza moja ana kichwa kilichojaa mikia inayojinyonganyonga kama nyoka. Anakaa naye. Akichoka anaota shamba lake Kenya.

Mwaka ule Wamarekani wengi waliisikia Kenya kwenye habari za mapanga. Mtoto wa Missouri aliyeazima kitabu hicho maktaba alikutana na Mkenya mwenye akili kuliko watu wote chumbani, na mwandishi hakusimama hata kidogo kulieleza hilo kana kwamba ni ajabu. Hata Juan Rico mwenyewe, ambaye filamu ilimgeuza mzungu, kitabuni ni Mfilipino. Tunalijua hilo karibu na mwisho, anapotaja kwamba nyumbani kwao wanazungumza Kitagalogi. Mtu anayefungia vitabu vya Heinlein anamfungia pia Bwana Kiku.

Tena vitabu vyake vilizaa wapinzani wao, na hilo kwangu ni sifa kubwa ya mwandishi. Joe Haldeman alijeruhiwa Vietnam, akarudi akaandika The Forever War, iliyotoka 1974, riwaya ya askari wa anga za mbali ambao wakirudi wanakuta miongo, hatimaye karne, zimepita na nchi waliyoipigania haipo. Bila Starship Troopers kitabu hicho kisingekuwa na wa kubishana naye. Na Heinlein mwenyewe hakubaki na mfumo mmoja. Katika The Moon Is a Harsh Mistress ya 1966 ana profesa anayependekeza mtu awe mbunge kwa saini za watu elfu nne badala ya uchaguzi, na bunge la pili ambalo kazi yake pekee iwe kufuta sheria. Baadaye akaandika kwamba labda mpiga kura atatue kwanza mlinganyo wa hesabu kabla mashine ya kupigia kura haijamfungukia. Alikuwa mtu wa kujaribu mawazo, kila kitabu na lake. Kumchukua kama mtunga katiba ni kutomtendea haki.

Imebaki hoja moja ambayo naiheshimu. Mwaka 1980 Heinlein aliandika kwamba wengi wa waliotumikia katika kitabu chake hawakuwa askari bali watumishi wa kiraia. Kwa hiyo mtasema, sawa, jeshi tuliache, tuhesabu ualimu wa vijijini, uuguzi, kujitolea kwenye mafuriko. Nauliza: mama aliyelea watoto sita na kuuza chakula sokoni miaka thelathini, akilipa ushuru kila siku ya Mungu, ametumikia au hajatumikia? Mkulima aliyelisha mji? Mkisema ndiyo, mmerudi kwenye kura ya kila mtu, tumemaliza. Mkisema hapana, au mkisema itategemea, basi lazima pawe na ofisi, na mtu ndani yake, na muhuri. Niambieni huyo mtu atateuliwa na nani, na yule atakayenyimwa kwa makosa atamwondoa kwa kura gani.