Nikeli juu ya alumina haifanyi kazi, juu ya silika inafanya: tatizo ni nini?

Muulizaji:
Habari zenu, wanakemia. Nimeandaa vichocheo viwili (vitu vya kuharakisha mmenyuko) vyenye nikeli asilimia 10 kwa uzito, kimoja juu ya gama-alumina (aina ya oksidi ya alumini) na kingine juu ya silika (oksidi ya silikoni). Niliuloweka unga wa kibebeo, yaani alumina au silika inayoibeba nikeli, katika myeyusho wa nitrati ya nikeli, nikaukausha, nikauchoma kwa nyuzi 700 za Selsiasi, kisha nikaupitishia hidrojeni kwa nyuzi 450 kwa saa 2 ili oksidi ya nikeli igeuke metali. Cha silika kinageuza benzeni kuwa saikloheksani vizuri, ilhali cha alumina karibu hakifanyi kitu. Je, alumina inazuia mmenyuko?

Jibu la 1:
Unga wa alumina ulitoka tanurini ukiwa na rangi gani?

Muulizaji:
Buluu hafifu. Wa silika ulikuwa wa kijivu.

Jibu la 1:
Basi sababu unayo mkononi. Buluu hiyo ni ya aluminati ya nikeli, kampaundi ya nikeli, alumini na oksijeni: kwa joto ulilotumia, ayoni za nikeli zimepenya ndani ya alumina na kufungwa humo. Oksidi ya nikeli iliyo huru huachia oksijeni yake kwa hidrojeni kati ya nyuzi 300 na 400 hivi, lakini aluminati huhitaji zaidi ya nyuzi 700, kwa hiyo nyuzi 450 zako hazikuigusa. Unalinganisha kichocheo chenye metali na kingine ambacho karibu hakina. Choma kwa nyuzi 400, au usichome kabisa, upitishe hidrojeni moja kwa moja baada ya kukausha.

Jibu la 2:
Nakubaliana na mwenzangu, ila silika nayo isisifiwe mno. Inaiachia nikeli kwa urahisi kwa sababu imeishika kwa ulegevu, na chembe zilizoshikwa kwa ulegevu huhama na kuungana joto linapopanda, hasa penye mvuke wa maji. Chembe zikikua kutoka nanomita 5 hadi 20, eneo la uso kwa kila gramu ya metali hushuka hadi robo. Pima kiasi cha hidrojeni kinachonaswa na uso wa nikeli, kisha ugawanye kasi ya mmenyuko kwa idadi ya atomi za usoni. Bila hesabu hiyo, neno «bora» halina maana hapa.

Jibu la 3:
Kipimo hicho ni kizuri kwa vibebeo hivi viwili, lakini ukihamia kwenye titania (oksidi ya titani) kitakupotosha. Ikipitishiwa hidrojeni kwa nyuzi 500 hivi, titania hupoteza sehemu ya oksijeni yake na kutambaa juu ya chembe za metali, hata hidrojeni inayonaswa ikapungua sana ingawa chembe hazijakua. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1978 kwa metali adimu kama platini, na nikeli nayo hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo, nikeli hiyo iliyofunikwa nusu huigeuza monoksidi ya kaboni kuwa haidrokaboni kwa kasi kuliko ile iliyo juu ya silika.

Muulizaji:
Nashukuruni sana. Narudia alumina bila kuichoma, na safari hii nitapima uso kabla ya kuingiza benzeni.